Machungwa Yameiva, Tufunge Safari

Kwenye mlango wa friji yetu, hapa Kimara, imebandikwa kalenda ambayo mgeni akiisoma haielewi. Mwezi wa sita pameandikwa "machungwa, mpigie Shangazi". Mwezi wa nane, "zabibu". Novemba nzima imezungushiwa kalamu nyekundu, na pembeni yake "senene?" Halafu kila mwezi kuna siku chache zenye duara dogo. Hizo ni siku za bamvua, bahari inapokupwa mpaka mwamba unabaki wazi. Mwandishi wa kalenda ni mume wangu, Baba Neema. Kazi yangu mimi ni kupiga simu.

Hivyo ndivyo tunavyosafiri. Swali letu la kwanza ni nini kimeiva, na jibu la swali hilo ndilo linalotuambia tukate tiketi ya wapi. Kuna watu wanafuata mbuga, kuna wanaofuata fukwe na hoteli, na wote safari njema. Sisi tunafuata chakula hadi pale kinapotoka, siku kinapotoka.

Niseme mapema, maana watu wakisikia mume na mke wanazunguka nchi wakila wanadhani ni watu wenye fedha: mimi ni fundi cherehani, yeye ni fundi umeme. Tumejiajiri. Siku tukiwa njiani hakuna anayetulipa. Tunapanda basi, tunalala gesti, na mara nyingi zaidi tunalala kwa ndugu. Pesa yetu kubwa inaishia kwenye nauli.

Safari hizi zilianza Neema alipokwenda chuo na mdogo wake akaenda shule ya bweni. Nyumba ikabaki na watu wawili. Kwa miaka mingi tulikuwa tumezoea kuzungumza kupitia watoto: ada imelipwa? Sare imekaa vizuri? Homa imeshuka? Ghafla jioni zikawa ndefu, tunakaa mezani, redio ndiyo inayoongea. Sitaki kusema ndoa ilikuwa na tatizo. Tulikuwa tunapendana, ila hatukuwa na habari mpya ya kuambiana.

Na mezani penyewe tulikuwa watu wa mataifa mawili. Mimi ni Mbondei wa Muheza, nimekulia kwenye nazi. Yeye ni Mhaya wa Bukoba, amekulia kwenye ndizi. Miaka ya mwanzo aliamini kabisa kwamba kutia tui kwenye maharage ni kuyaharibu, na mimi sikuelewa mtu anawezaje kula ndizi mchana na usiku akaomba tena. Dar es Salaam ilitupatanisha kwa njia yake, kwa sababu Dar kila kitu kipo. Ukitaka ndizi unakwenda Mabibo, Mahakama ya Ndizi, unakuta malori yanashusha mikungu. Ukitaka nazi, zimejaa. Lakini chakula kilichosafiri ni chakula kilichochumwa kabla ya wakati wake ili kiweze kusafiri, na ndimi zetu zilikuwa zimezoea hivyo mpaka zikasahau. Aliyetuamsha ni mzee mmoja muuza samaki.

Jumamosi tunayoipenda inaanza alfajiri. Tunapanda mwendokasi Kimara, tunashuka mwisho wa njia, Kivukoni, na hatua chache mbele ndilo soko la samaki la Feri. Ukifika kabla jua halijakolea unakuta mnada umechangamka. Samaki wamepangwa mafungu juu ya meza za saruji, dalali anataja bei mbio mbio, ukiinua kidole umenunua. Baba Neema ni mtoto wa ziwa, anajua sato na sangara, kwa hiyo huku baharini mimi ndiye mwalimu. Mtazame jicho, liwe limejaa na linang'aa. Fungua mashavu, yawe mekundu ya damu mbichi. Bonyeza ubavuni, nyama irudi. Changu ni wa kukaanga, kolekole wa mchuzi, tasi mpe makaa na ndimu tu, usimsumbue na viungo vingi.

Asubuhi moja vibua walikuwa wachache na bei iko juu. Nikalalamika. Yule mzee akatuuliza kama jana usiku tulitazama juu. Mwezi ulikuwa mpevu. Wavuvi wa vibua na dagaa wanakwenda na taa, akaeleza, samaki wanaifuata taa kwenye giza. Mwezi ukiwaka bahari nzima ina mwanga, taa ya mvuvi haina kazi, wengi wanapumzika. Giza likirudi, vibua watarudi na bei itashuka. Akasema maneno mengine ambayo Baba Neema aliyaandika kwenye simu palepale: giza na mbalamwezi, pepo za kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu. Mimi nilizaliwa nayo maneno hayo, nilikuwa nayasikia kwa babu zangu, lakini sikuwahi kuyafikiria kama ratiba ya kula.

Tulinunua changu, vijana wakamparua magamba, tukampeleka kwa wakaangaji. Pale Feri kuna makarai makubwa yanayochemka tangu asubuhi, unampa mtu samaki wako anakukaangia, unaletewa na muhogo, pilipili na kipande cha ndimu. Tulikula tumesimama, tumeelekea maji, vivuko vya Kigamboni vinapishana. Jioni ile kalenda ikabandikwa kwenye friji.

Muheza ndiyo safari ya kila mwaka. Machungwa yanapoanza, mwezi wa sita hivi, Shangazi yangu anatoa taarifa, na sisi tunaelekea stendi ya Mbezi ambayo kwetu ni jirani. Chalinze, Mkata, Kabuku, Segera. Basi likisimama kwa ajili ya kuchimba dawa unapewa dakika ambazo hazitoshi kula chakula cha heshima, na migahawa mikubwa ya njiani mingi inauza chakula kilichopoa kwa bei ya kilichoiva sasa hivi, kwa hiyo mimi hufunga wali na mayai nyumbani. Nanunua njiani vitu vinavyotoka kwenye moto mbele ya macho yangu, kama mahindi ya kuchoma. Ukishapita Segera ukaikaribia Hale, mkonge unasimama mistari mistari pande zote, halafu taratibu mashamba ya michungwa yanaanza, na barabarani watu wamepanga machungwa kwa mafungu, kwa ndoo, kwa viroba.

Machungwa ya Muheza ni ya kijani. Wageni wanayaacha wakidhani mabichi. Ngozi ya chungwa inahitaji usiku wa baridi ili igeuke rangi, na huku kwetu usiku una joto, kwa hiyo tunda linaiva ndani huku nje likibaki na kijani chake. Shangazi anachagua kwa mkono: analipima, lile zito lenye ngozi laini na nyembamba ndilo lenye maji. Na hachumi asubuhi na mapema. Anangoja umande ukauke, kwa sababu chungwa lililochumwa na maji yake linapata madoa na haliwekeki.

"Karibu mkwe," anamwambia Baba Neema, ambaye ameshaamkia "shikamoo" tangu getini, na anampa kisu kabla ya kumpa kiti. Kumenya chungwa kwa Wabondei ni kazi ya utulivu. Unaanzia kichwani, unazungusha chungwa huku kisu kimesimama, ganda linatoka utepe mmoja mrefu mwembamba mpaka chini, na ule weupe unabaki umelifunika tunda lote ili lisipasuke. Kisha unakata kifuniko kidogo juu kwa kuinamisha kisu, unalibana kwa vidole na kunyonya. Ukipenda, chumvi na pilipili ya unga pale juu. Chungwa lililotoka mtini nusu saa iliyopita lina ukali fulani unaopanda puani, mafuta ya ganda yanabaki vidoleni mpaka jioni. Lile la sokoni Dar limeshapoteza hicho kitu. Utamu linao, lakini ule ukali umeishia njiani.

Shangazi hufurahi tukila, ila hafichi uchungu wake. Msimu ukifika kileleni machungwa yanakuwa mengi mpaka yanaozea chini ya miti, na mnunuzi anajua kwamba huna pa kuyaweka. Wapo majirani wanaouza tunda la shamba zima likiwa bado changa, kwa bei anayoitaja mnunuzi, kwa sababu ada ya shule haingoji msimu. Mimi kila nikikaa chini ya ile michungwa nawaza kwamba mkoa unaotoa machungwa kiasi hiki ungepaswa kuwa na viwanda vya juisi vya kutosha kila kona. Nalisema hili kwa moyo wote, kwa sababu nimesomeshwa na machungwa.

Usiku tunakula bada, ugali wa muhogo wa kwetu Tanga, na kisamvu kilichotwangwa kikapikwa kwa tui zito mpaka mafuta yamepanda juu. Huyu Mhaya aliyekuwa akiona nazi ni uharibifu, siku hizi anamega bada kimyakimya na kuomba aongezewe kisamvu.

Siku moja tulipanda Amani, kwenye milima, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902. Kuna ukungu, chai, na magome ya mdalasini yaliyoanikwa. Tulirudi na iliki na pilipili manga, zikatutosha muda mrefu.

Kutoka Muheza kalenda inatupeleka baharini, kama bamvua imeangukia wiki hiyo. Hii ndiyo safari ninayoiheshimu zaidi. Tunakwenda Tanga mjini, halafu njia ya Pangani, tunashuka Kigombe. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu, maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti yake pwani ya Tanga ni mita tatu na ushee. Kwa ukanda wetu, maji ya bamvua hukupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, miezi yote, na ndiyo maana wanawake wa kijijini wanajua watamaliza kazi gani za nyumbani kabla ya kushuka.

Baba Neema mara ya kwanza alisimama ufukweni akatazama bahari ikiondoka. Ziwa halikupwi. Alikuwa amekwishaona maji kupwa pale Dar, lakini hakuwahi kuona mwamba mzima, wenye mabwawa yake na majani yake, ukifunguka mpaka kule mawimbi yanakovunjika, na watu wanatembea juu yake na ndoo. Alivua viatu bila kuulizwa.

Tulimfuata bibi mmoja aliyetukubalia tumfuate kwa sharti la kutopiga kelele. Kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, mkononi chuma chembamba kilichopindwa ncha. Alikuwa anatazama chini tu, na nilidhani anamtafuta pweza. Kumbe anatafuta maganda. Pweza akila kaa na kombe hutupa mabaki mlangoni kwake, kwa hiyo tundu lenye vipande vya maganda yaliyo safi nje lina mwenyewe ndani. Bibi akaingiza chuma taratibu, akangoja. Mkono mmoja wa pweza ukatoka ukakishika chuma, ukafuata wa pili. Alipoona ameshika sawasawa, akavuta kwa mara moja, akamgeuza kichwa nje ndani kwa kidole gumba, na kazi ikawa imekwisha. Palepale akampiga juu ya jiwe, tena na tena, mpaka povu likatoka. Bila hivyo hatafuniki.

Nilimuuliza kama wanapungua. Akajibu bila kusita kwamba wadogo wanachukuliwa mno, na kwamba pweza jike akishataga hukaa pangoni na mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, kisha anakufa, kwa hiyo ukimtoa kabla umetoa kizazi. Baadhi ya vijiji vya Pemba na Mafia hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, hakuna kuvua, halafu wanaufungua siku ya bamvua na kupata pweza wakubwa. Mimi naliunga mkono jambo hilo kwa mikono miwili. Tangu siku ile hatununui pweza mdogo, hata akipikwa vizuri namna gani.

Wa kwetu alipikwa nyumbani kwa bibi. Hakutia maji. Sufuria, moto mdogo, kifuniko. Pweza alitoa maji yake mwenyewe mekundu na kujichemshia humo mpaka akalainika. Ndipo likaingia tui la pili, kitunguu, nyanya kidogo, mwisho kabisa tui zito na ndimu. Tulikula na mihogo ya kuchemsha, na maji yalikuwa yamesharudi, mwamba wote haupo.

Dodoma ni safari fupi siku hizi. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria hadi huko mwaka 2024, inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na kutoka Dar unafika kwa saa zisizofika nne. Naipenda. Tunaondoka asubuhi, mchana tunakula Dodoma. Lakini Baba Neema akiwa ndani ya treni hii huwa anasimulia treni ya zamani mpaka abiria wa jirani wanageuka kusikiliza. Alikuwa akiipanda alipokuwa kijana, akienda Mwanza kuunganisha na meli ya kwenda kwao. Reli hiyo ya kati Wajerumani waliijenga kuanzia 1905, ikafika Kigoma 1914, na kando yake yakaota majiko. Kila stesheni ilikuwa na chakula chake. Morogoro matunda, Kilosa unapitishiwa sahani dirishani na kuirudisha huku treni inaanza kusogea, Saranda watu wanashuka kula, Tabora asali. Dirisha ndilo lilikuwa soko. Treni mpya madirisha yake hayafunguki, ina kiyoyozi, na kwa mwendo ule mama wa ndizi za kuchoma hawezi kukufikia. Sisemi turudi nyuma. Nasema wale akina mama walilisha nchi kwa zaidi ya nusu karne, na ningependa stesheni mpya ziwatengee nafasi ya kudumu, yenye maji na kivuli, ili abiria anayeshuka Kilosa au Gulwe akute chakula cha Kilosa na Gulwe.

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mzabibu hapa haupati majira ya baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima mwenyewe anauamsha: anaupogoa, na baada ya miezi kama minne tayari kuna mavuno mengine. Mwezi wa nane hali ya hewa ni kavu, tunda linakuwa tamu sana. Mkulima mmoja wa Hombolo alituruhusu tukate wenyewe. Ni zabibu ndogo, nyeusi, za mbegu na ngozi nene, nyingi zinakwenda kutengeneza mvinyo. Vumbi limezifunika, unazifuta kwenye nguo. Utamu wake ni mzito kuliko wa zile kubwa za supamaketi zinazotoka nje ya nchi. Mchana tulikula ugali wa uwele na mlenda uliokaushwa, umepikwa kwa karanga. Nakiri sikuufurahia sana mlenda. Baba Neema aliumaliza. Jumamosi kuna mnada wa Msalato, ng'ombe na mbuzi upande mmoja, nyama choma upande mwingine, na hapo hatukubishana.

Bukoba ni habari nyingine, na huko siendi kama mtalii. Ni kwa wakwe.

Novemba simu zinapigwa kila siku. "Wameanguka?" Senene, wale panzi wa kuliwa, hawana tarehe. Wanakuja na mvua, wiki moja wapo mawingu kwa mawingu, wiki inayofuata hakuna hata mmoja. Ndiyo maana ile alama ya kuuliza kwenye kalenda. Shemeji akisema wameanguka, tunafunga mzigo usiku huohuo: basi hadi Mwanza, halafu meli ya usiku.

Meli ni New Victoria, ambayo wengi huijua kwa jina la "Hapa Kazi Tu", iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya kukarabatiwa. Wakati inaacha Mwanza Baba Neema hukaa juu, nje, na haongei. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza, mamia ya watu wakafa, na hakuna familia ya Bukoba isiyojua jina la mtu aliyekuwa ndani. Yeye alipoteza mwanafunzi mwenzake. Huwa namletea chai, nakaa naye, hatusemi kitu mpaka taa za mji ziwe mbali. Halafu anauliza kama nimeleta machungwa makavu ya tangawizi, na tunaanza kula. Alfajiri tunashuka Bukoba.

Nyumba ya mama mkwe iko katikati ya kibanja. Migomba imeizunguka mpaka mlangoni, chini yake mibuni, chini ya mibuni maharage. Mgeni anapewa kwanza kahawa za kutafuna, buni zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu kisha zikakaushwa. Unatafuna, uchungu unatoka taratibu, uchovu wa safari unaondoka.

Usiku mji wote unawaka. Kwenye viwanja wamesimamisha mabati marefu, wakafunga taa kali juu yake, na chini ya kila bati pipa. Senene wanaifuata taa, wanagonga bati, wanateleza, wanaingia pipani. Sauti yake ni kama mvua ya mawe madogo. Watoto wanakimbia na chupa za plastiki kuokota waliokosa pipa. Kuna wa kijani, kuna wa kahawia, na wananukia majani mabichi. Nilikumbuka taa za wavuvi wa vibua, nikamwambia Baba Neema, akasema ndiyo, na mwezi mpevu huku nao unaharibu.

Asubuhi tulikaa chini jikoni, mimi, mama mkwe na mawifi, beseni katikati. Kazi ni kunyonyoa: mabawa, miguu, na zile ndevu. Vidole vya mama mkwe vilikuwa vinamaliza watatu nikiwa na mmoja. Huku tunanyonyoa akasimulia kwamba yeye akiwa msichana, wanawake ndio waliokuwa wakiamka gizani kwenda kukamata senene, wanawanyonyoa, wanawapika, wanawapelekea wanaume. Wao wenyewe hawakuruhusiwa kula. Alimwuliza mama yake kwa nini, akaambiwa mwanamke hali senene, basi. Aliwaonja mara ya kwanza akiwa tayari ana watoto, mumewe alipomsogezea sahani na kumwambia ale, hakuna atakayekufa.

Senene hawatiwi mafuta. Unawaweka kwenye kikaango kikavu, wanatoa mafuta yao, unatia chumvi, na kitunguu ukipenda, unageuza mpaka wanakuwa na rangi ya dhahabu na kuanza kuita kwenye kikaango. Pembeni sufuria ya ndizi na maharage, imefunikwa kwa majani ya mgomba. Mama mkwe alichota senene wa kwanza, wa moto kabisa, akawaweka kwenye sahani yangu kabla ya mwanawe. Baba Neema akangoja zamu yake.

Ladha yake? Mafuta, chumvi, na kitu cha karibu na korosho iliyokaangwa, ila chepesi. Wale wa pakiti wanaouzwa Dar ni wazuri, tunanunua, lakini wanakauka. Wa pale kikaangoni kwa mama mkwe wana unyevu ndani ambao ukiingia kwenye basi la siku mbili haupo tena.

Nyumbani sasa Jumapili napika ndizi, kwa majani ya mgomba ninayoagiza Mabibo, na Baba Neema anakaa juu ya mbuzi kukuna nazi ya maharage. Tukikaa mezani mazungumzo hayaishi: bibi wa Kigombe atakuwa amepata wangapi bamvua hii, Shangazi ameuza au bado, mvua Bukoba zimeanza? Watoto wakipiga simu wanatukuta tunabishana kuhusu nauli.

Bado kuna mahali hatujafika, nako ni Kyela. Mchele wa Kyela tunaujua kwa magunia ya Dar, na kila muuzaji anaapa wake ni wa Kyela. Tunataka kuula mpya, wiki ulipotoka kwenye jaruba, kabla haujachanganywa na wowote. Tumeambiwa mavuno huanza mwezi wa tano, wengine wanasema wa sita. Kama wewe ni mtu wa Kyela na unasoma hapa, tafadhali niandikie: mwaka huu mpunga umekaaje, na nani anakoboa vizuri karibu na stendi? Tutapita Ruaha Mbuyuni kuchukua vitunguu, samaki wa ziwa tutawakuta hukohuko. Nazi nitabeba mimi.